Siku Niliyokaa Chini

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitasema machache na nitayasema wazi. Mkono wa kulia upo, namshukuru Mungu, ila kalamu bado unaikataa. Kama unasoma haya ukiwa kitandani, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko, na watu wanakuja kukutazama huku wakitikisa vichwa, ujue ninakuandikia wewe. Hao wanaotikisa vichwa waache watikise. Shingo ni zao.

Naitwa Restituta. Nimezaliwa Masieda, Mbulu, nikaolewa Masakta, wilaya ya Hanang. Watu wengi wananiita Afande, kwa sababu nilipita mafunzo ya mgambo nikiwa msichana, na sasa ni miaka tisa nafundisha wanawake kujihami. Tunakutana Jumamosi kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Wanakuja wasichana wa sekondari wanaotembea mwendo mrefu kwenda shule, wanakuja kina mama wanaopeleka mbuzi mnadani, na wachache wanakuja na sababu ambazo hawasemi, na mimi siwaulizi. Huku kwetu kisu si kitu cha kutafuta. Mfugaji anacho kiunoni, mkulima anacho jikoni, na mlevi anaweza kukiokota kwa yeyote kati ya hao wawili.

Visu vyetu vya mafunzo ni vya mbao. Alivichonga Marseli, mume wangu. Mimi nina kopo la samli ya kienyeji ambayo nimeichanganya na masizi ya sufuria, nayapaka kwenye makali kabla hatujaanza. Mkimaliza kupambana, kila mtu anajikagua. Ukikuta masizi nje ya mkono, upande wa mfupa, umekatwa lakini unaishi. Ukiyakuta ndani ya mkono kwenye mishipa, au shingoni, au tumboni, umekufa. Kaa chini.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yangu na nilikuwa mkali nayo. Mama wa watoto sita akipakwa ndani ya mkono anakaa kwenye majani mpaka wengine wamalize, na asipokaa namkalisha. Mimi mwenyewe nikipakwa nilikaa palepale, ili wajue afande hana upendeleo. Nimekaa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka tisa. Ushike hilo, maana ndilo lililotaka kutuua.

Ilikuwa Jumapili, masika yameshika, mahindi yamefika magotini. Tulikuwa kwa mama mkwe wangu baada ya misa. Mimi humwita Mama tu, kama wanawe. Anjela, mdogo wake Marseli, alikuwa amerudi kwao wiki ya tatu hiyo, na alama za vidole shingoni. Marseli alikuwa ametoka kumtazama ng'ombe wa jirani aliyekwama kwenye tope. Nyumbani tulikuwa wanawake watatu, Mama anasonga ugali.

Mume wa Anjela akaja. Jina lake silitaji, na si kwa kumwogopa. Silitaji kwa sababu hadithi hii ni yangu. Akafika mlangoni, akaegemeza fimbo yake ukutani nje, jinsi mgeni mwenye adabu anavyofanya kwetu. Tulipoona fimbo imebaki nje tukashusha pumzi. Hata mimi, mimi ninayefundisha watu kuangalia mikono, niliangalia fimbo. Yangu nayo ilikuwa nje palepale, pembeni ya ile yake.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," Mama akaitikia kutoka jikoni. "Karibu ukae, ugali uko tayari."

Hakukaa. Akamwambia Anjela achukue vitu vyake waondoke. Anjela akasema, kwa sauti ndogo lakini haikutetemeka, "Sirudi." Mkono wa mumewe ukaingia chini ya shuka alilojitanda na kutoka na kisu.

Nilisimama katikati yao. Nilifanya kila kitu nilichowafundisha watu: nikamsukumia kigoda, nikamwambia Anjela kimbia, nikainua mikono. Ila nilipoinua, wa kulia niliugeuza vibaya. Upande wa ndani ukamwelekea yeye. Sikusikia maumivu, nilisikia baridi, kama mtu amepitisha kipande cha bati chenye umande. Nikatazama nikaona nimekatwa ndani ya mkono.

Nikakaa chini.

Jamani, nilikaa! Hakuna aliyenisukuma, wala sikuzimia. Magoti yalijikunja yenyewe nikakaa sakafuni kama mwanafunzi mtiifu, nikasubiri wengine wamalize. Yule mwanaume akaniruka akamfuata Anjela kwenye mlango wa uani, na mimi nimekaa nimeushika mkono wangu, natazama.

Aliyetuokoa ni Mama, ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wangu hata siku moja, na ambaye mafunzo yangu aliyaita michezo ya watoto. Alitoka jikoni na mwiko umejaa ugali wa moto, akampiga nao usoni. Ugali ukamganda machoni. Akapiga yowe, kisu kikaanguka, Anjela akatoka uani akikimbia kuelekea kwa majirani, akipiga kelele kama nilivyomfundisha. Majirani walimkamata yule mtu kwenye shamba la alizeti. Sasa hivi yuko anakostahili kuwa, na hayo yake yanaishia hapo.

Mama akanigeukia. Damu ilikuwa imejaa kwenye mapaja yangu. Akarudi jikoni mbio, akachukua kopo la samli kwenye rafu, akachota kwa vidole vitatu akaniziba nayo jeraha, halafu akafunga na kanga kwa nguvu zake zote. Kwao wamefanya hivyo tangu bibi zake. Ila kwenye rafu ile nilikuwa nimeacha vitu vyangu vya Jumamosi jana yake, nikitoka uwanjani. Kopo alilochukua lilikuwa langu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, hakuona rangi.

Zahanati walizuia damu, wakatuandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Mvua ilikuwa imekata barabara, tukafika kesho yake mchana. Siku ya tisa mkono ulikuwa umevimba mpaka vidole vimetanuka, unanuka, na mimi nachemka kwa homa. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alifungua jeraha akainama.

"Hii nyeusi ni nini, mama?"

"Masizi," nikasema.

"Masizi ya nini?"

"Ya kufundishia."

Akamtazama nesi. Nadhani walifikiri homa imenipanda kichwani.

Alinieleza bila kuzunguka. Usaha umeshuka kwenye kano za vidole. Wangesafisha siku hiyo, na tena, na tena. Kama mpaka Alhamisi haujarudi nyuma, wakate mkono ili uhai ubaki. Akachora mstari wa bluu chini kidogo ya kiwiko kuonyesha mahali. Ilikuwa Jumatatu.

Sikuupenda ule mstari. Alipotoka nililowesha kidole gumba cha kushoto kwa mate nikaufuta. Asubuhi ya Jumanne wakauchora tena, nami nikaufuta tena. Nesi mmoja, mama mtu mzima, akanikuta. "Wewe mgonjwa una kichwa kigumu," akasema, na hakuuchora tena. Alikaa akanisafishia kucha za ule mkono, moja moja, na maji ya vuguvugu. Kucha za mkono ambao huenda ungetupwa! Sijasahau.

Marseli alitaka nisaini karatasi ya kukatwa mkono siku ileile ya Jumatatu. Alisimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi.

"Saini, Resti. Watoto wanakutaka wewe, hawautaki mkono."

"Nitasaini Alhamisi."

"Na ukifa Jumatano?"

"Daktari kasema Alhamisi. Hizo siku tatu ni zangu, sizigawi."

Akaondoka bila kuaga, na siku mbili hatukuongea. Alikuja, akaleta uji, akauweka, akakaa nje. Nilimkasirikia sana, na alikuwa ananipenda sana, na yote mawili yalikuwa kweli. Nikuambie wewe unayesoma, usije ukanielewa vibaya: siku ikifika na daktari akasema tukate, saini. Kalamu ilikuwa chini ya mto wangu. Mimi sikuwa nakataa kuishi, nilikuwa nadai muda wangu mpaka dakika ya mwisho.

Alhamisi daktari alifungua bandeji, akanusa, akabonyeza, akabonyeza tena, nami nikasali sala zote ninazozijua na nyingine nikazitunga. Halafu akasema, "Umerudi nyuma." Marseli, mwanaume mzima, akalia mbele ya wodi nzima. Mimi sikulia. Nililia jioni, chakula kilipoletwa na nikajua sitaweza kumega ugali.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza. Kabla ya hapo ilikuwa vita, na vita mimi naijua. Ugonjwa ni kukaa kwenye benchi.

Benchi la kliniki ya mikono nimelikalia kuanzia palizi ya mahindi mpaka tulipomaliza kuvuna mbaazi. Nalijua kila msumari. Mwanamke akiwa na jeraha la kisu, benchi zima linataka kujua. Mzee mmoja akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akauliza mbele za watu, "Mwanangu, ni fumanizi?"

"Shikamoo, mzee," nikamjibu. "Ndiyo, nilifumania mtu anataka kuua mke wake."

Benchi likacheka, naye mzee akacheka, akasogea nikapata nafasi ya kunyoosha mguu. Tangu siku hiyo kila tukikutana ananiwekea nafasi karibu na dirisha. Yeye alikuwa na kidole kilichoumwa na ng'ombe, na alikilalamikia kuliko mimi mkono wote.

Mwili ulibadilika kwa njia ambazo hakuna aliyenionya. Kidole kidogo na cha pete vilijikunja ndani, vikakataa kunyooka wala kufunga. Havikusikia kitu. Siku moja ya baridi kali ya Julai niliviunguza kwenye sufuria ya chai, nikajua kwa harufu. Nyama kati ya kidole gumba na cha shahada iliisha, pakabaki shimo. Bega la kulia likashuka, la kushoto likanenepa. Nilishindwa kufunga sidiria, nikaanza kumwita binti yangu anifunge, nikaona aibu, kisha nikaachana na sidiria kabisa. Hiyo nayo ni dawa, mnaweza kuijaribu.

Mtaalamu wa mazoezi alinipa bakuli la maharage makavu nizamishe mkono, nitafute punje moja moja, niitoe. Mia asubuhi, mia jioni. Nilitukana yale maharage kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Lakini nilifanya. Nilifanya nikiwa na hasira, na hasira ilinibeba siku ambazo matumaini hayakuamka.

Mama alikuwa ananikwepa. Alipika, alifua nguo zangu, alinisuka nywele nikiwa nimempa mgongo, ila machoni hakuniangalia. Chakula alikuwa anagusa tu. Nilijua sababu. Jeraha lilipofunga lilibaki na mstari mweusi ndani ya mkono, mrefu kama kidole, wa masizi yaliyoingia chini ya ngozi. Daktari alisema hayatoki. Kila nilipomega tonge kwa mkono wa kushoto, ule mstari ulikuwa unamtazama.

Mwezi wa nane, tukiwa tunapukuchua mahindi uani, mkono ukaniuma nikarusha gunzi likagonga ukuta. Nikasema neno ambalo nilikuwa nimelificha tangu masika.

"Mama, mlinipaka masizi."

Mama akaendelea kupukuchua kidogo, halafu akaweka hindi chini.

"Nilikupaka," akasema. "Kwa mkono wangu huu. Kila siku nikiamka nauangalia. Na wewe ulikaa chini."

Nilihisi kama amenimwagia maji.

"Mwanangu alikuwa anafuatwa na kisu," akaendelea, sasa ananiangalia machoni, "na wewe, afande, ulikaa. Sijakuuliza mpaka leo. Nilisema moyoni, labda aliogopa, kuogopa si dhambi. Lakini leo umeniambia langu, nami nakuuliza lako. Kwa nini ulikaa?"

Sikuwahi kumwambia mtu. Marseli alidhani nilizimia, Anjela hakuona. Nikamweleza Mama yote: kopo, visu vya mbao, kanuni. Nikamwambia kwamba mwili wangu ulifanya nilichoufundisha. Nimewafundisha wanawake wengi vile vile, na wako njiani saa hizi, kila mmoja akikatwa atakaa chini. Nililia mpaka kamasi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Yaani unafundisha watu kufa?"

"Nilikuwa nawafundisha kuogopa kukatwa."

"Mtu hafundishwi kuogopa kisu. Hata ng'ombe anaogopa." Akachukua kanga yake akanifuta pua kama mtoto. "Mimi samli sitapaka tena jeraha la mtu. Na wewe nenda ukawaambie wale wanawake."

"Kwa mkono huu?"

"Walifundishwa na mdomo wako, hawakufundishwa na vidole."

Jioni hiyo alikula sahani nzima na kuongeza.

Sikwenda mara moja. Marseli hakutaka kusikia habari ya uwanja. "Hujatosheka?" akaniuliza. Nilimwambia kwamba kuna kitu nimekivunja kwa watu na lazima nikitengeneze. Kesho yake nikamkuta anachonga kisu kipya cha mbao, chenye mpini mwembamba unaoingia kwenye mkono wenye vidole vitatu vinavyofanya kazi.

Nilirudi Jumamosi ya kwanza baada ya mvua za vuli kuanza. Walikuja wengi kuliko zamani, wengine kujifunza, wengine kutazama mkono, hilo nalijua. Anjela alikuja, akasimama mbele. Mama alikuja na kigoda chake, akakaa pembeni.

Nikawasalimu, nikakunja mikono ya sweta. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kabla sijafungua mdomo, Neema, msichana wa kidato cha tatu mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, akaona ule mstari mweusi.

"Afande! Masizi ndani ya mkono! Umekufa, kaa chini!"

Wengine wakacheka, wengine wakashtuka. Neema mwenyewe akaziba mdomo. "Samahani, Afande, nilikuwa natania."

"Usiombe samahani. Kanuni ni ya nani?"

"Yako, Afande."

"Basi nilikosea." Nikawaambia siku ile ilivyokuwa, nilivyokatwa, nilivyokaa, na nani aliyepiga. Wote wakamgeukia Mama, naye akaangalia mlimani kama hahusiki. "Kuanzia leo hakuna kukaa. Ukipakwa nje, unakimbia. Ukipakwa ndani, unabana mkono kifuani, unakimbia unapiga kelele. Ukipakwa shingoni unakimbia vilevile. Nani amekufa na nani yuko hai tutajua tukifika golini."

Nikampa Neema kisu cha mbao, nikafungua kopo, nikapaka makali. "Nikate," nikamwambia. "Kweli kweli, siyo mchezo."

"Afande, mkono..."

"Nimesema nikate."

Alikuja kasi, yule mtoto nimemfundisha vizuri. Nilikwepa mara mbili. Ya tatu nilichelewa, bega lile limeshuka, na kisu kikapita ndani ya mkono, juu ya kovu lenyewe, masizi juu ya masizi. Na magoti yangu yakaanza kujikunja. Yalijikunja kweli, bila kuniuliza, kama siku ile. Niliona majani yanapanda kuja usoni.

"Resti!" Mama akapiga kelele kutoka kwenye kigoda. "Inuka!"

Nikainuka. Nikabana mkono kifuani, nikageuka, nikakimbia. Nilipiga yowe ambalo lilikuwa limekaa ndani tangu masika, na nyuma yangu nikasikia uwanja mzima wa wanawake unakimbia unapiga yowe, Anjela akiwa mbele yao. Watu wa barabarani walisimama, wakidhani tumevamiwa.

Nilifika golini wa kwanza. Nikapiga mlingoti kwa mkono wa kulia, uleule, vidole vyote vitano, vinavyosikia na visivyosikia. Alama yake nyeusi bado ipo pale, mvua imeshindwa kuiosha.

Halafu nikarudi katikati ya uwanja, nikafungua kopo tena, nikauliza nani anafuata. Mama alikuwa ameshasimama, amejifunga kanga kiunoni.

"Mimi," akasema. "Na kisu sitaki. Leteni mwiko."